Fahamu: Jiaobei, ramli ya vibao katika mahekalu ya Wachina

Jiaobei ni nini?

Ni vipande viwili vya mbao au mianzi vyenye umbo la mwezi mwandamo, upande mmoja bapa, mwingine wenye mgongo. Aghalabu hupakwa rangi nyekundu. Waumini wa Taiwan, kusini mwa China na jamii za Wachina wa Kusini-Mashariki mwa Asia huvirusha hekaluni kumwuliza mungu swali la ndiyo au hapana.

Jibu husomwaje?

Kimoja kikionyesha bapa na kingine mgongo, ni ndiyo. Migongo yote juu, hapana. Bapa zote juu, mungu anacheka: huenda swali halikunyooka, basi liulizwe upya. Jambo zito huhitaji “ndiyo” tatu mfululizo, na hapo ndipo subira ya wengi hupimwa.

Kwa nini vina uzito?

Havitumiki kwa shida za mtu binafsi tu. Katika mahekalu mengi ya Taiwan, msimamizi wa ibada wa mwaka ni aliyepata “ndiyo” nyingi zaidi mfululizo. Hata tarehe ya kuanza hija ya mungu wa kike Mazu kutoka Dajia, Taiwan, huamuliwa kwa vibao hivyo, kila mwaka, usiku wa Sikukuu ya Taa.