Faiba Inapozorota Baada ya Umeme Kurejea

Wakazi wa Arua na Koboko, nchini Uganda, wameyajua mashaka ya umeme tangu enzi ya majenereta, wakaupokea umeme wa maji ya Nyagak karibu na Paidha, ulioanza mwaka 2012 kwa megawati 3.5, hata gridi ya taifa ikawafikia mwaka 2024. Nao mkongo wa faiba wa serikali ulikuwa umekwisha kupita Pakwach, Nebbi na Arua hadi Koboko. Neema hizi mbili zimekutana, lakini umeme ungali ukikatika, na aghalabu unaporejea, intaneti hurejea ikijikokota. Lawama huangushwa papo hapo juu ya faiba, nami nadhani haistahili hata nusu ya lawama hizo.

Uzi wa faiba ni kioo. Haupitishi umeme bali nuru, wala nuru hiyo haififii kwa kuwa nyumbani palikuwa na giza. Vinavyodhurika ni vyombo vilivyoko kwenye ncha zake, na kuvichunguza kwataka taratibu.

Anza na taa za kisanduku ambamo uzi huishia. Taa ya PON ikitulia, mtambo wa kampuni ya intaneti umekwisha kukitambua. Ikimetameta, kingali kinajitambulisha, na si ajabu kikachelewa kidogo, kwa kuwa nyumba zinazogawana uzi mmoja huwaka kwa wakati mmoja. Ama taa ya LOS ikiwa nyekundu, nuru haifiki kabisa, na kuzima na kuwasha hakutafaa kitu: uzi umekatika au umepindwa mno, au mtambo wa kampuni wenyewe umezimika; basi mwite fundi.

PON ikiwa imetulia, unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, kisha upime kasi. Kasi ikiwa kamili kwenye kebo na duni kwenye simu, faiba imetakasika na kosa ni la waifai. Ikiwa duni hata kwenye kebo, tazama katika mipangilio ya kompyuta ni kasi gani iliyoafikiwa baina yake na ruta, kwani megabiti 1000 hudai jozi zote 4 za nyaya zilizomo ndani ya kebo, ilhali 100 huridhika na jozi 2; basi kichwa cha kebo kikilegea, au tundu la ruta likidhurika kwa mshindo wa umeme, aliyelipia megabiti 200 hataonja hata 100 kamili, kampuni ifanye iwezalo. Badili kebo, au ujaribu tundu jingine.

Waifai nayo ina maradhi yake. Ruta nyingi huchagua chaneli zinapowaka, na mtaa mzima ukipata umeme kwa dakika moja, kila ruta huiona hewa kuwa tupu, zikarundikana pamoja katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo chaneli zake zisizoingiliana ni 3 tu: 1, 6 na 11. Kadhalika, katika baadhi ya chaneli za gigahezi 5, ruta sharti isikilize kwanza, aghalabu kwa sekunde 60, isije ikaingilia rada. Na katika muda huo simu zimekwisha kukimbilia 2.4, zikatulia humo. Dawa yake ni kusubiri umeme utulie, kuiwasha ruta upya majirani wakiwa wamekwisha kuwasha zao, kisha kuzima na kuwasha waifai ya simu.

Hatimaye ichunguze adapta. Umeme huweza kurudi kwa mshindo, au ukafika dhaifu kwenye ncha za njia ndefu, na adapta iliyochoka hutoa pungufu ya volti 12 zinazotakiwa, kisanduku kikawa kinazimika na kuwaka chenyewe. Kwa hiyo umeme ukikatika, chomoa adapta; ukirejea na kutulia, washa kisanduku kwanza, ruta baadaye. Mwenye uwezo na anunue betri ndogo ya volti 12, kwa maana vyombo hivi hula wati chache tu.

Nawasihi wateja wa Arua na Koboko: kabla ya kupiga simu, andikeni hali ya taa, kasi iliyopimwa kwa kebo, na saa ya kipimo. Fundi aliyepewa habari hizo tatu hujua kama aende nyumbani au kwenye mtambo, na kampuni iliyopewa ithibati haina udhuru wa kukawia.