Kutafsiri Mchezo ni Kusimulia Upya

Wako wanaodhani kwamba mchezo wa video ni kazi ya macho na vidole tu, na kwamba lugha ndani yake ni pambo. Dhana hiyo haina mashiko. Mnamo 2001 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Gyakuten Saiban, mchezo wa Shu Takumi ambamo mchezaji huwa wakili wa washtakiwa wa mauaji. Silaha yake ni kusoma kwa makini: asipong'amua uongo wa shahidi, mteja wake hupatikana na hatia.

Wakili huyo anaitwa Naruhodo, neno ambalo Wajapani hulitamka wanapoelewa jambo, kama sisi tusemavyo "kumbe!" Jina hilo lingeachwa lilivyo, mzaha ungepotea. Kwa hiyo, katika toleo la Kiingereza la 2005, wafasiri walimwita Phoenix Wright, jina la ukoo linalotamkwa sawa na neno la Kiingereza lenye maana ya "sahihi". Hapo walifaulu.

Hata hivyo, waliihamishia hadithi nzima Los Angeles, na tambi za rameni zikageuka hambaga. Matoleo ya baadaye yalipoleta vijiji na mahekalu ya jadi ya Kijapani, Marekani hiyo ikawa kiini macho.

Walimu na wanafunzi wa tafsiri wana funzo hapa. Neno laweza kubadilishwa ili mzaha usife, lakini kwao hadithi pasifichwe. Msomaji huifuata hadithi ya ugenini ili aujue ugeni wenyewe.