Neno Unalodhani Unalijua

Binti wa jirani yangu ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Jioni moja alikuja na daftari lake la kemia, na juu kabisa alikuwa amenakili sentensi ambayo wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania wanaijua kwa moyo: “Matter is anything that occupies space and has mass.”

Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili. Akasema “occupies” lilikuwa geni kwake, kwa hiyo amelitafuta kwenye kamusi akapata kukalia, kushika mahali. Mengine yote anayajua. “Matter” ni tatizo, kwa kuwa watu huulizana “What is the matter?” “Space” ni anga za juu, kule ziliko setilaiti. “Mass” ni misa ya Jumapili.

Neno geni lilikuwa moja, na ndilo alilolipata sawasawa. Matatu aliyoyajua ndiyo yaliyompoteza. Sentensi ina maneno tisa, manane kati yake angekuambia anayafahamu, na hakuna alichoambulia.

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na hapa ndipo ninapoona wanafunzi wenye akili wakikwama bila kujua kuwa wamekwama. Neno geni humsimamisha msomaji, akauliza au akafungua kamusi. Neno la sura ya kawaida halimsimamishi. Batia Laufer wa Chuo Kikuu cha Haifa aliyachunguza maneno ya namna hii na kuonyesha kwamba msomaji huyapita akiamini ameelewa, kisha hulazimisha sentensi nzima ikubaliane na kosa lake. Ndivyo alivyofanya binti huyu. Alikuwa tayari kukubali kwamba tatizo hukaa angani na lina misa, kwa sababu tu kitabu kimesema.

Hata takwimu za msamiati zisomwe kwa uangalifu. Mwaka 2006 Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alikadiria kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada, anahitaji kujua asilimia 98 ya maneno yaliyomo, na hilo linadai familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Ni kipimo chenye manufaa, ila familia hizo hupangwa kwa sura za maneno. “Matter” la tatizo na “matter” la kemia huhesabiwa kitu kimoja.

Sasa tazama tunavyofanya katika lugha yetu. Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, kuna ndege kupaa, na kuna mama jikoni anapaa samaki. Hakuna Mswahili anayebabaika. Mtu akisema “paa limevuja”, hiyo “li” imekwisha kukuambia ni bati au makuti kabla hujaliwaza neno lenyewe. Akisema “paa amekimbia”, unamwona mnyama. Ngeli ndiyo inayotuamulia.

Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo, lakini kina alama zake, na nyingi ni vijineno ambavyo mwanafunzi huvirukaruka kwa kuwa havina tafsiri ya Kiswahili. “The matter” katika swali lile ni tatizo. “A matter” ni jambo fulani. “Matter” lililosimama mwanzoni mwa maelezo ya kisayansi bila “a” wala “the” ni maada. Si kanuni isiyovunjwa, ila inatosha kukufanya usite, na kusita ndiko kunakotakiwa.

Pale vijineno visiposaidia, kitenzi husaidia. Nilimwuliza binti, “Jiwe linaweza kuwa na misa?” Akacheka, akasema padri ndiye mwenye misa. Basi “has mass” haiwezi kuwa ya kanisani. Ni tungamo, kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Na kitu kilicho hapa mezani kinakalia anga gani? Akafikiri kidogo. “Kinakalia nafasi.” Hapo nikamtajia maada, na uso wake ukabadilika: “Kumbe ni maada? Si tulisoma shule ya msingi! Yabisi, kimiminika na gesi!” Elimu alikuwa nayo tangu zamani, kwa Kiswahili. Iliniuma kuona jinsi ilivyokuwa imefungiwa nyuma ya maneno matatu mafupi.

Nilimpa zoezi moja tu. Asipige mstari chini ya maneno asiyoyajua, maana hayo hayajifichi. Apige chini ya neno analolijua likiwa mahali ambapo maana yake ya mtaani haikai vizuri, kisha afungue kamusi na asome maana zote zilizopangwa kwa namba, asiishie ya kwanza.

Wiki iliyofuata alirudi na daftari la fizikia. Lilisema mtu aliyesimama tuli na mzigo kichwani hafanyi “work” yoyote juu ya mzigo huo. Neno lile amelijua tangu darasa la tatu, na chini yake alikuwa amepiga mistari miwili.

“Mwalimu,” akaniuliza, “hii kazi ni kazi gani?”