Nani Asome, Nani Ahariri? Udhibiti wa Kurasa za Wiki na Uhifadhi wa Fasihi Simulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwenye wiki anavyoweza kuamua ni nani atakayeusoma ukurasa fulani na ni nani atakayeubadilisha. Huenda msomaji akauliza suala hili la mafundi wa tarakilishi linatuhusu nini sisi wanafunzi wa fasihi. Linatuhusu sana. Wengi wetu hurudi kutoka nyanjani na kanda, madaftari na miswada, kisha tukatafuta mahali pa kuviweka ili wenzetu wavipate. Siku hizi mahali hapo aghalabu ni wiki.

Wiki ni tovuti ambayo msomaji wake anaweza kuigeuza papo hapo. Ya kwanza ilianzishwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, naye akaipa jina kutokana na neno la Kihawaii lenye maana ya 'haraka'. Wikipedia ilifuata mwaka 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003. Msingi wa zana hii tangu awali ulikuwa imani: mlango uachwe wazi, na atakayeharibu atarekebishwa na atakayefuata. Udhibiti ulikuja baadaye, tena kwa shingo upande.

Miaka michache iliyopita, sisi wanafunzi wachache wa uzamili tulianzisha wiki ndogo ya kuhifadhia nyimbo na ngano tulizokusanya pwani. Tuliiacha wazi kwa kila mwenye nywila. Haikuchukua muda, mwenzetu mmoja mwenye nia njema kabisa akaupitia wimbo wa Kiamu na 'kuusahihisha'. Kila palipokuwa na 'mato' akaandika 'macho', na 'nti' akaifanya 'nchi'. Wimbo ule ulikuwa na kina cha mwisho cha 'to': mtoto, moto, mato. Baada ya usanifishaji huo kina kilivunjika, na msomaji mgeni angedhani kwamba mwimbaji, mwanamke aliyeimba tangu utotoni, hakujua vina.

Hasara hiyo ilifutika upesi. Wiki nyingi huhifadhi kila toleo la ukurasa pamoja na jina la aliyeligusa na saa aliyoligusa. Tulifungua historia ya ukurasa, tukalinganisha matoleo mawili, tukalirejesha la awali. Wanukuzi wa tenzi zetu za kale hawakuwa na bahati hiyo. Nakala za Al-Inkishafi zinatofautiana, na mtafiti hubaki kukisia ni mkono wa nani uliobadilisha neno gani.

Hata hivyo, kurejesha kila siku kunachosha, na ndipo panapokuja ulinzi wa kurasa. Katika MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, watumiaji hugawanywa katika makundi: wasiojisajili, waliojisajili, waliothibitishwa, na wasimamizi. Ukurasa unaweza kuachwa wazi kwa wote, kufungwa kwa wasiothibitishwa, au kufungwa kwa wote isipokuwa wasimamizi. Katika Wikipedia ya Kiingereza mtu huhesabiwa kuwa amethibitishwa baada ya siku 4 na mahariri 10. Kurasa zenye ugomvi mkali hudai siku 30 na mahariri 500. Masharti haya hayampimi mtu elimu. Yanapima subira yake tu, kwa kuwa mharabu wa kupita njia hana subira.

Wikipedia yenyewe ilijifunza haya kwa uchungu. Mwaka 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika katika wasifu wa mwanahabari John Seigenthaler kwamba alishukiwa kuhusika na mauaji ya akina Kennedy. Uzushi huo ulikaa miezi kadhaa bila kuonekana. Mnamo Desemba mwaka huohuo, Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojisajili kuanzisha kurasa mpya. Ile ya Kijerumani ilichukua njia nyingine mwaka 2008: mgeni anahariri, lakini badiliko lake halionekani kwa wasomaji wa kawaida mpaka mwenyeji mzoefu alipitishe. Ile ya Kireno iliwafungia wasiojisajili uhariri wa makala mwaka 2020. Kwa maoni yangu, njia ya Wajerumani ndiyo iliyo karibu zaidi na desturi ya malenga na wanagenzi wake. Mwanagenzi hanyamazishwi, ila utungo wake husikizwa kwanza na mkubwa kabla haujatoka barazani.

Katika Wikipedia ya Kiswahili msimamizi huitwa mkabidhi. Neno hili limechaguliwa vizuri, kwa kuwa linamtaja mtu aliyepewa amana, kama Kabidhi Wasii Mkuu wa Tanzania anavyotunza mali ya marehemu. Ajabu ni kwamba kabidhi katika Kiswahili ni bahili pia, na kila aliyewahi kunyimwa ruhusa ya kuhariri atauona mnasaba.

Hadi hapa tumezungumzia kuhariri. Kusoma ni jambo jingine kabisa. Ukurasa ulioharibiwa hurejeshwa, lakini ukurasa uliosomwa hauwezi kusomolewa, ukiniruhusu kuunda kitenzi hicho. Katika mkusanyo wetu zilikuwamo nyimbo za unyago. Bibi aliyeziimba alimpa mwenzetu wa kike kwa sharti kwamba zisisomwe na wanaume wala na wasichana ambao hawajachezwa. Tulikubali sharti hilo kwa wepesi, tukidhani kwamba tarakilishi italitekeleza.

Tulitumia MediaWiki, nayo haikuundwa kwa kazi hiyo. Inaweza kuufunga usomaji wa wiki nzima kwa wasiojisajili, ikabakiza ukurasa wa mwanzo na wa kuingilia. Hilo hulifanya barabara. Lakini kumfungia aliyekwisha kuingia ukurasa mmoja mmoja ni kazi ya viongezo, na watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba viongezo hivyo visiaminiwe. Sababu ni kwamba maandishi ya ukurasa hayakai mahali pamoja. Huweza kudokezwa katika matokeo ya utafutaji. Kichwa chake na muhtasari wa uhariri hutokea katika orodha ya mabadiliko ya karibuni. Mtu anaweza kuuita ukurasa uliofichwa ndani ya ukurasa wake mwenyewe, kama kigezo, ukajitokeza wote. Nazo picha na sauti, zisipopangiwa njia maalumu, hutolewa na seva moja kwa moja kwa yeyote mwenye anwani yake. Sisi tulinaswa na orodha ya mabadiliko. Mwenzetu alikuwa akinakili mshororo wa kwanza wa kila wimbo katika muhtasari wake wa uhariri, na wanaume watatu wa kikundi chetu, nikiwamo mimi, tuliusoma kila asubuhi kabla hatujatambua tunachosoma.

Zipo programu zilizojengwa kwa kufikiria ruhusa tangu mwanzo. DokuWiki, iliyoanzishwa na Andreas Gohr mwaka 2004, humpangia kila mtu au kundi daraja kwa namba: 0 hana ruhusa, 1 anasoma, 2 anahariri, 4 anaanzisha ukurasa, 8 anapakia faili, 16 anafuta faili. Ruhusa huwekwa kwa ukurasa mmoja au kwa fungu zima la kurasa, na kanuni iliyo mahususi zaidi ndiyo inayotawala. Hata hapa pana mitego miwili. Mtu aliye katika makundi mawili hupewa ruhusa iliyo kubwa zaidi kati ya hizo mbili; kwa hiyo mwanamume aliyeandikishwa kwa bahati mbaya katika kundi la wahariri wa unyago atasoma yote, hata kama kundi lake jingine limenyimwa. Vilevile jina la fungu lililofungwa huendelea kuonekana katika faharasa mpaka mwenye wiki awashe mpangilio wa kulificha, na jina pekee wakati mwingine ni siri tosha.

Tulichoamua hatimaye ni kuwa na wiki mbili. Ya kwanza ni ya ngano na nyimbo za wazi, ambamo kila mwanachama anahariri, ila matini asilia zenye lahaja zimefungwa, na mapendekezo huandikwa katika ukurasa wa majadiliano. Ya pili ni ndogo, ya wanawake wanne, na haina kiungo chochote na ile ya kwanza.

Kabla ya kuihamisha kazi hiyo, mwenzetu alirudi kwa bibi kumweleza. Bibi alisikiliza habari za nywila na makundi, kisha akauliza ufunguo wa nyumba yenyewe uko kwa nani. Mwenzetu hakuwa na jibu zuri. Mwenye seva anaweza kufungua hifadhidata akasoma kila kitu, wala hakuna daraja la ruhusa linalomzuia. Naye fundi wetu ni mwanamume. Bibi aliruhusu nyimbo saba ziingie. Tano zilizosalia ziko katika kanda, ndani ya sanduku lake.