Kutoka Masoro hadi mpakani: Winchi hupimwa kwa mzigo uliopakiwa

NDERA, KIGALI – Pikapu inayotoka kwenye maghala ya Masoro, katika sekta ya Ndera, huanza safari yake juu ya lami. Hapa ndipo lilipo Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali. Kutoka hapa dereva anaweza kufika Rusumo, Gatuna, Kagitumba au Rubavu bila gurudumu lake kugusa tope.

Shida huanza mfanyabiashara anapoiacha lami. Anashuka bondeni kuchukua nyanya shambani, anapanda mlimani kupakia viazi, au anavuka mpaka na kuingia barabara ya udongo ya mashariki mwa Kongo. Udongo mwekundu wa milima hii ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Katika mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, gari lililonasa asubuhi linaweza kulala palepale. Viazi huvumilia, nyanya hazisubiri.

Ndipo wazo la kununua winchi linapokuja. Ni kifaa kizuri, lakini wengi hukichagua kwa kuangalia aina ya gari na kusahau kilichopakiwa nyuma. Kosa hilo huonekana siku waya unapokatika.

Hesabu ya kwanza

Kanuni inayotumiwa na mafundi na watengenezaji ni moja: nguvu ya winchi iwe angalau mara moja na nusu ya uzito wote wa gari. Uzito wote maana yake ni gari lenyewe, mafuta, dereva, utingo na kila gunia lililomo.

Chukua pikapu ya tani moja. Ikijazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji, nyingi hufika karibu kilo 3,000. Zidisha kwa moja na nusu, unapata kilo 4,500. Hapo mnunuzi akumbuke kwamba winchi nyingi huandikwa nguvu zake kwa pauni. Winchi ya pauni 9,500 ni sawa na kilo 4,309, yaani imepungua kidogo. Ya pauni 12,000 ni kilo 5,443, nayo inatosha.

Sasa fanya hesabu ya pikapu ileile ikiwa imezidishiwa mzigo, kama inavyotokea siku za soko. Ikifika kilo 3,800, inahitaji winchi ya kilo 5,700. Hata ile ya pauni 12,000 imeshapitwa. Mwenye gari wa namna hiyo hana haja ya kutafuta winchi kubwa zaidi. Ashushe mzigo kwanza, avute gari likiwa jepesi, kisha apakie tena. Vibarua wa nusu saa ni nafuu kuliko mota iliyoungua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi sana. Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la kwanza la waya, lile lililo karibu kabisa na ngoma. Kila tabaka linaloongezeka juu yake hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Kwa hiyo dereva anayefunga kwenye mti wa karibu, huku waya mwingi ukiwa bado umezungushwa kwenye ngoma, anatumia winchi dhaifu kuliko aliyoilipia. Mti wa mbali humpa nguvu zaidi.

Umeme au mkono

Winchi za umeme ndizo zinazofungwa mbele ya pikapu nyingi. Hupata umeme kwenye betri ya gari ya volti 12, na zikivuta kwa nguvu zote huweza kunywa zaidi ya ampea 400. Alteneta ya kawaida ya pikapu haitoi hata nusu ya hizo, kwa hiyo kinachobaki hutoka kwenye betri. Ndiyo maana injini lazima iwe inanguruma wakati wa kuvuta, na ndiyo maana mafundi husisitiza kuvuta kidogo, kupumzisha, kisha kuvuta tena. Mota iliyoshikwa na joto ikiendelea kulazimishwa huungua, na betri iliyoisha haiwezi tena kuwasha gari hata likitoka topeni.

Winchi na bampa lake la chuma huongeza pia uzito wa mbele, na kwa pamoja huweza kukaribia kilo 100, yaani gunia zima la maharage. Mfanyabiashara anayehesabu faida kwa gunia ajue kwamba gunia hilo litasafiri naye kila safari, hata mwezi wa Julai barabara ikiwa kavu.

Kwa anayenasa mara chache kwa mwaka, ipo winchi ya mkono inayofanya kazi kwa mtaimbo, ambayo madereva wengi wa Kongo na Rwanda huiita tirfor kwa jina la chapa yake ya asili. Zipo za kuvuta kilo 1,600 na nyingine za kilo 3,200. Ni ya polepole na hutoa jasho, lakini haihitaji betri, huvuta mbele au nyuma, na hukaa chini ya kiti au kwenye boksi la vifaa wakati haitumiki. Gari likinasa kwa magurudumu ya nyuma na njia salama ikawa ni kurudi lilikotoka, winchi iliyofungwa mbele haimsaidii sana mwenyewe. Ya mkono humsaidia.

Waya unapokatika

Waya wa chuma unaovutwa na tani kadhaa huhifadhi nguvu kama upinde uliovutwa. Ukikatika hurudi kwa kasi inayoweza kuvunja mguu au kuua. Anayeumia mara nyingi huwa ni utingo au kijana wa kijijini aliyesogea kusaidia, kwa sababu dereva yumo ndani ya gari.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya dereva ni kuondoa watu. Kila mtu asimame mbali kuliko urefu wa waya uliotolewa, wala asiwepo wa kuuruka au kupita juu yake. Katikati ya waya litupwe blanketi zito, koti la mvua au gunia lililolowa, ili ukikatika uangushwe chini. Glavu za ngozi zivaliwe, maana nyuzi za chuma zilizokatika huchana viganja.

Waya usizungushwe kwenye mti ukarudi kunaswa kwa ndoano yake wenyewe. Huvunjika nyuzi na kukata gome. Utumike mkanda mpana uzungushwe chini kabisa kwenye shina, kisha ndoano ishike kwenye pingu ya chuma yenye pini. Kwenye ngoma ibaki mizunguko isiyopungua mitano ya waya, kwa sababu mizunguko hiyo ndiyo inayoushika waya usichomoke.

Kamba za kisasa za sintetiki ni nyepesi na zikikatika hazirudi kwa nguvu kama chuma. Lakini huliwa na mchanga, matope yaliyokauka na jua kali. Anayezitumia azioshe kila baada ya kazi na azikague. Penye mkwaruzo mkubwa pasipuuzwe.

Mti, kapi na gurudumu

Kifaa kidogo chenye faida kubwa ni kapi. Waya ukipitishwa kwenye kapi lililofungwa mtini na kurudishwa kwenye gari, nguvu ya kuvuta hukaribia kuongezeka maradufu, ingawa mwendo hupungua nusu. Mota hupumua, na betri pia. Dereva asisahau kwamba mti na mkanda navyo hubeba mzigo huo mara mbili.

Mti wenyewe uchaguliwe kwa akili. Mikaratusi iliyokomaa kandokando ya barabara za Rwanda hufaa. Mgomba haufai hata kidogo. Ni maji matupu na hung'oka na mizizi yake. Pasipo mti, gurudumu la akiba huweza kufukiwa kwenye shimo refu, mkanda ukiwa umefungwa katikati yake, likawa nanga. Ni kazi ya koleo na subira, na ndiyo maana koleo lisikosekane garini. Mara nyingi kuchimba tope lililo mbele ya magurudumu hupunguza nusu ya kazi ya winchi.

Kabla ya kununua

Wanaotafuta winchi huenda kwa wauza vipuri wa Gatsata hapa Kigali, na wengine huvuka hadi Kisekka mjini Kampala au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Anayenunua ng'ambo ajue jambo la forodha. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowahusu wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Winchi iliyotengenezwa China haiwi ya Uganda kwa kuuzwa Kampala. Kwenye orodha ya ushuru winchi za umeme zimo katika kifungu 8425.31, na wakala wa forodha aulizwe gharama zote kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Winchi iliyotumika ijaribiwe ikiwa na mzigo dukani hapohapo. Waya ufunguliwe wote uonekane hadi mwisho, klachi iachie na kushika, na breki ya ngoma izuie gari kwenye mteremko. Kibao cha nguvu zake kikiwa kimebanduliwa, bei ndogo isimshawishi mtu. Ifungwe kwenye chesisi, kwani bampa la plastiki haliwezi kuibeba, na kituo cha ukaguzi wa magari kiulizwe kabla ya kutoboa chochote.

Baada ya yote hayo, winchi haimpi mtu ruhusa ya kuingia barabara iliyofungwa. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao Mkoa wa Magharibi, na kukata barabara ambazo wafanyabiashara walizitegemea. Mlima ukishaanza kutembea, hakuna waya wa kuushika. Siku kama hiyo mzigo ubaki Masoro hadi barabara ifunguliwe, na hasara ya siku moja ihesabiwe kuwa ndogo.