Mtutu Uliolika: Kutengeneza au Kubadilisha?

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, Majengo, hapa Mombasa, na kazi yangu kubwa siku hizi ni silinda za pikipiki na shafti za tuktuk. Bwana mmoja mwenye shamba upande wa Kwale, ana bunduki na leseni yake, alinijia akilalamika kwamba shabaha imempotea. "Fundi, si ni tundu tu? Litoboe upya kama unavyotoboa silinda, nisinunue mtutu mwingine." Nikamwambia mashine yangu haitagusa bunduki, sheria hairuhusu. Swali lake lakini ni la mtu mwenye akili, na linastahili jibu kamili.

Silinda ikilika, naipanua kidogo na mwenye pikipiki anatia pistoni ya ovasaizi. Ikiwa imezidi kulika, naivalisha slivu, yaani bomba jipya kwa ndani, tunarudi saizi ya kwanza. Mtutu wa raifali una jambo ambalo silinda haina: mifereji iliyochongwa ndani, inayopinda kuanzia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, hadi mdomoni. Mifereji hiyo huishika risasi na kuizungusha, ndipo inapokwenda moja kwa moja bila kubingirika hewani. Gobore la mababu halina mifereji, ndiyo maana lilihitaji mtu wa kusogea karibu sana na mnyama.

Sasa ukilipanua tundu, umeifuta mifereji. Itabidi uichonge upya, utafute risasi nene kuliko zile za awali, uitengeneze na chemba izikubali. Ukuta wa mtutu nao umepungua, na ndio unaozuia nguvu ya baruti isimrudie aliyeshika bunduki. Pistoni ya ovasaizi waipata dukani. Risasi ya ovasaizi nani atakuuzia?

Tena mtutu hauliki sawasawa. Unaanza kuungua mbele tu ya chemba, pale moto wa baruti unapopiga kwanza. Hili Waingereza walijifunza kwa gharama. Mwaka 1888 walitoa raifali ya Lee-Metford, tundu la .303, yaani milimita 7.7, yenye mifereji saba ya kina kifupi. Mifereji hiyo iliundwa kwa baruti nyeusi, ambayo huacha masizi mengi. Muda si mrefu wakahamia kordaiti, baruti isiyo na moshi, yenye joto kali mno, na mitutu ikaanza kufa mapema. Hawakuhangaika kuitia viraka. Mwaka 1895 wakaleta mtutu mwingine kutoka kiwanda cha Enfield, mifereji mitano yenye kina zaidi, mzunguko mmoja kila inchi kumi. Bunduki ikabaki karibu ile ile, jina likawa Lee-Enfield.

Kilichonifurahisha zaidi, nikiwa fundi, ni walivyoifanyia raifali yao ya zamani, Martini-Henry. Hiyo ilitoka mwaka 1871, risasi yake ina uzito wa gramu 31, tundu karibu milimita 11.4. Ilipokuja .303, walikuwa na maghala yaliyojaa Martini ambazo mwili wake ulikuwa mzima kabisa. Tundu pana huwezi kulibana liwe jembamba. Basi waliifungua mitutu, wakatia mipya ya .303, na bunduki hizo zikaitwa Martini-Metford, na baadaye Martini-Enfield. Mwili wa zamani, mtutu mpya. Huo ndio ubahili ninaoukubali.

Wajerumani, waliotawala upande wa pili wa mpaka, hawakufika huko. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, askari wao wengi wa Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser za 1871, za milimita 11 na baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi linalomwonyesha adui ulipojificha. Tanga, Novemba mwaka huo, walishinda hata hivyo, kisha wakaokota bunduki za kisasa zilizoachwa na Waingereza. Hiyo nayo ni njia ya kupata mtutu mpya, ila siwezi kumshauri bwana wa Kwale.

Ipo hali ambayo mtutu huachwa kama ulivyo, na mfano wake uko kwetu. Nenda Fort Jesus ukatazame mzinga wa meli ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 meli hiyo iliizamisha meli ya Waingereza, HMS Pegasus, bandarini Zanzibar, kisha ikajificha delta ya Rufiji mpaka mabaharia wake wenyewe walipoilipua Julai 1915. Mizinga yake kumi, ya milimita 105, ilitolewa na kuvutwa nchi kavu. Mitutu ilibaki ile ile, na mafundi wa Dar es Salaam waliiundia miguu: magurudumu na fremu za kubebea. Waingereza nao waliitoa mizinga ya Pegasus majini wakaitumia nchi kavu. Kwanza unapima kilichochakaa, ndipo unafungua spana.

Kuna njia ya tatu, kuvalisha mtutu slivu yenye mifereji yake. Inafanyika Ulaya, hasa kwa bunduki za thamani au za kumbukumbu, ila ni kazi ya watu maalumu. Uingereza mtutu uliobadilishwa kiasi cha kupungua nguvu hauuzwi mpaka upimwe kwa baruti ya ziada na kupigwa muhuri. Nyumba ya upimaji ya Birmingham inafanya hivyo tangu 1813. Hapa Mombasa sina ninayemjua wa kukuvalishia slivu ya namna hiyo.

Na Kenya tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Anayekarabati bunduki kwa biashara lazima awe amesajiliwa, na kukata mtutu uwe mfupi au kugeuza kifaa kiwe bunduki ni kosa la jinai. Fundi wa mtaani akikuambia ataumaliza jioni moja, anakutafutia kesi, na huenda jeraha pia.

Kwa hiyo, mwenye leseni ambaye risasi zake zimeanza kutawanyika, mwambie muuzaji aliyesajiliwa asafishe mtutu vizuri na aangalie darubini au kilenga shabaha kwanza, maana mara nyingi mtutu husingiziwa. Akipima akakuta mifereji imekwisha pale mbele ya chemba, nunua mtutu mpya.