Kwa nini ndege wa mtoni si walewale wa jarubani

Msikilizaji, ukitoka Mngeta kushuka kuelekea Mto Kilombero, ndege wanabadilika kadiri maji yanavyobadilika. Kwenye majaruba ni yangeyange weupe wakitafuta vyura na wadudu. Palipo na maji ya kina kifupi yupo korongo domo-wazi, mla konokono. Furukombe anataka maji ya samaki na mti mrefu wa kutulia.

Yupo mwingine, domo lake la chini ni refu kuliko la juu, huchota samaki huku akiruka. Huyu hutaga juu ya mchanga mtupu wa mtoni wakati wa kiangazi. Bustani ikifika hapo, hana pa kutagia.

Na mnana wa Kilombero, ambaye si ndege wa maji hasa, hujenga kwenye matete. Wanasayansi walimtambua rasmi 1990, na makao yake ni bonde hili tu.

Bonde liliingia orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani mwaka 2002. Tukichoma matete yote tulime hadi ukingoni, yangeyange watabaki wengi, nasi tutadhani ndege wapo.